Uhafidhina wa Kijadi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mjadala wa siasa na mila unapopamba moto Nairobi, iwe ni ukumbini chuoni, kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo au ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, maswali huwa ni yale yale. Yamekusanywa hapa, kuanzia ya msingi hadi yale yanayogombanisha watu. Mwenye haraka aende moja kwa moja kwenye swali la 8, maana ndilo zito kuliko yote.

## Misingi

1. Uhafidhina wa kijadi ni nini hasa?

Ni falsafa ya siasa inayoshikilia kwamba watu hawarithi mali peke yake. Hurithi pia namna ya kuishi pamoja: ndoa, mazishi, mahakama, adabu, sala, mipaka ya mashamba. Mambo haya hayakubuniwa na mtu mmoja. Yamepita mikononi mwa vizazi, yakajaribiwa na kurekebishwa, kwa hiyo yana busara ndani yake ambayo hata wanaoyafuata huenda wasiweze kuieleza. Anayetaka kuyavunja ndiye anayedaiwa sababu.

Falsafa hii haidai kwamba kila cha kale ni chema. Inadai kwamba usikiondoe kitu kabla hujajua kilikuwa kinafanya kazi gani. Wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao.

2. Nani aliianzisha?

Kwa kawaida anatajwa Edmund Burke, mzaliwa wa Dublin aliyekuwa mbunge London. Mwaka 1790, mwaka mmoja tu baada ya mapinduzi ya Ufaransa kuanza, alichapisha kitabu cha kuyapinga. Alisema jamii ni ubia wa walio hai, waliokufa na watakaozaliwa, na kizazi kimoja hakina idhini ya kuuza hisa za wote. Mauaji ya 1793 na 1794 yalipofika, wengi waliokuwa wamemcheka walikisoma kitabu chake upya.

Baada yake wamekuwapo wengine wenye tabia tofauti sana. Joseph de Maistre wa Savoy alikuwa mkali na mtetezi wa kiti cha enzi na altare, yaani mfalme na Kanisa. Michael Oakeshott, Mwingereza aliyeandika katikati ya karne ya 20, alikuwa mpole, karibu mvivu, na aliuona uhafidhina kuwa tabia ya mtu zaidi ya imani. Russell Kirk aliupa nguvu mpya Marekani kuanzia 1953. Roger Scruton, aliyefariki 2020, aliutetea Uingereza kwa miongo minne.

3. Kwa hiyo ni kutaka kurudi zamani?

Hapana. Burke mwenyewe aliandika kwamba dola isiyoweza kubadilika haiwezi hata kujihifadhi, na aliunga mkono malalamiko ya walowezi wa Marekani dhidi ya serikali ya London. Mtu anayetaka kuirudisha Kenya ya 1880 kwa nguvu ni mwanamapinduzi kama wengine, ila yeye ramani yake ni ya nyuma.

4. Mbona wahafidhina huogopa sana mipango mikubwa ya serikali?

Kwa sababu wanaamini mapenzi ya nchi huanzia kwenye vikundi vidogo: familia, kanisa, msikiti, ukoo, chama cha mafundi. Vikundi hivyo vikivunjwa, mtu hubaki peke yake mbele ya dola. Ufaransa ya mapinduzi ilifanya hivyo kwa makusudi: sheria ya Le Chapelier ya 1791 ilipiga marufuku vyama vya wafanyakazi na mafundi, ili pasiwe na chochote kati ya raia na taifa.

Ukitaka kuona kikundi kidogo kikiwa kazini, nenda kwenye kamati ya matanga. Mtu akifariki Nairobi leo, kesho kikundi cha WhatsApp kimefunguliwa, mwenyekiti na mweka hazina wamepatikana na ukumbi umetafutwa. Wengine hukutana Ufungamano House, wengine ukumbi wa mtaa, wengine sebuleni kwa marehemu, viti vya plastiki vikiazimwa kwa majirani. Katibu anasoma bajeti: mochari, jeneza, gari la kubeba mwili, basi la waombolezaji, chakula cha nyumbani. Kisha jina moja moja linatajwa na kiasi alichotoa, mia mbili, elfu moja, mia tano, na daftari linazunguka. Hakuna sheria ya Bunge inayowaleta pale. Lakini asiyefika anajulikana, na siku msiba ukimgusa yeye atajua kwamba alijulikana.

Linganisha na Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa mtaani uliozinduliwa na serikali 2013. Jina ni la ujirani, lakini uliletwa kutoka juu. Kuna mitaa ambayo ukiuliza mwenyekiti wake ni nani, watu wanatazamana. Kwa maoni ya mwandishi wa ukurasa huu, tofauti kati ya mambo hayo mawili inafundisha falsafa hii kuliko kurasa mia za nadharia.

## Ndugu na majirani zake

5. Si ndiyo siasa za mabwanyenye na soko huria?

Watu huvichanganya kwa sababu Uingereza na Marekani makundi hayo mawili yamekaa chama kimoja kwa muda mrefu. Lakini Friedrich Hayek, mtetezi mkuu wa soko, aliandika insha nzima mwaka 1960 kueleza kwa nini yeye si mhafidhina. Soko halina kumbukumbu. Ghorofa likilipa kuliko bustani, bustani itaondoka.

Mfano wetu ni Uhuru Park, 1989. Chama tawala, KANU, kilitaka kujenga mnara wa ghorofa 60 ndani ya bustani ile. Wangari Maathai alipinga. Akatukanwa bungeni, na Rais Moi akasema hadharani kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kukaa kimya. Mradi ulikufa baada ya wafadhili kujitoa. Sasa jiulize, siku ile nani alikuwa mhafidhina? Aliyetaja mila alikuwa anang'oa miti, na aliyeambiwa hana mila alikuwa anatetea uwanja ambao watu walikuwa wamezoea kupumzika, kupiga picha na kuombea hapo kwa miaka mingi. Hali hiyo inajirudia mara nyingi katika siasa zetu: neno "mila" likisikika jukwaani, angalia kwanza nani ameshika kipaza sauti.

6. Na ufashisti? Na siasa za ukabila?

Ufashisti unataka dola moja kubwa imeze kila kikundi na kuunda mtu mpya. Mhafidhina wa kijadi huchukia mambo yote mawili. Ukabila wa uchaguzi ni jambo jingine tena. Unatumia nyimbo na mavazi ya wazee kuhesabu kura, na uchaguzi ukiisha mavazi yanarudi sandukuni.

7. Ni lazima niwe mtu wa dini?

Wengi wao walikuwa. Burke alikuwa Mwanglikana, Kirk aliingia Ukatoliki. Lakini hoja ya Oakeshott inasimama bila dini yoyote. Ukitaka mfano wa Kenya wa dini na mila vikijadiliana badala ya kufukuzana, soma habari za shule huru za Wagikuyu zilizoanzishwa baada ya mgogoro wa 1929 kati ya wamisheni na waumini wao. Wazazi wale hawakuikataa Biblia wala hesabu. Walikataa kuambiwa kwamba bei ya elimu ni kuacha kila kitu, kisha wakajenga madarasa yao wenyewe.

## Hapa kwetu

8. Mila zipi? Nyingi si ziliundwa na wakoloni?

Swali hili likikosa jibu, mengine yote ni mchezo.

Chukua chifu. Wakenya wengi wanamwona kama sehemu ya utaratibu wa kale, lakini Wagikuyu, kwa mfano, walitawaliwa na mabaraza ya wazee, si na mtu mmoja. Mamlaka ya machifu yalitokana na sheria za kikoloni: ile ya wakuu wa vijiji ya 1902, ya 1912, kisha ya 1937. Serikali ilihitaji mtu wa kukusanya kodi na kuleta vibarua, ikamteua, ikampa kofia. Hali kadhalika "sheria ya kimila" iliyoandikwa vitabuni. Maafisa waliwauliza wazee wachache, mara nyingi wanaume wenye maslahi yao, na jambo lililokuwa likijadiliwa kila mara likawa ibara ya kudumu.

Kuna upande wa pili unaosahaulika. Baadhi ya mila zilizokufa ndizo zilizokuwa zikiwabana wakubwa. Wagikuyu walikuwa na ituika, sherehe ya kizazi kimoja kukabidhi uongozi kwa kingine. Utawala wa kizazi kimoja ulikuwa na mwisho unaojulikana. Ukoloni uliikatiza sherehe hiyo. Wanasiasa wanaovikwa ngozi na kukabidhiwa mkuki na usinga kila msimu wa kampeni hawajawahi kudai irudi, na si ajabu.

Mhafidhina afanye nini basi? Hawezi kujificha nyuma ya kauli kwamba "ni mila yetu". Inabidi aulize maswali mawili ya kawaida kabisa: je, watu waliishika desturi hii hata pasipo amri? Na je, iliwafunga wenye nguvu, au wanyonge tu? Cheo cha chifu kina zaidi ya miaka mia moja lakini kinaanguka kwenye maswali yote mawili. Kamati ya matanga ya swali la 4 inapita. Umri peke yake hautoshi.

9. Nani ana haki ya kusema mila inasemaje?

Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki 1995, alilifanyia kazi swali hili kuanzia miaka ya 1970. Alikwenda vijijini kuhoji wazee, akawaona wa aina mbili. Wapo wanaozijua mila na kuzikariri bila kosa. Na wapo wanaozijua kama hao, kisha wanazipima, wanakubali hili na kukataa lile, na wanatoa sababu. Paul Mbuya Akoko alikuwa mmoja wa aina hiyo ya pili.

Oruka hakujiita mhafidhina na huenda angecheka kuitwa hivyo. Hata hivyo kazi yake inaziba pengo ambalo waandishi wa Ulaya waliliacha. Mila si jiwe. Ndani yake daima kulikuwa na wabishi, na wabishi hao walikuwa wazee.

10. Kesi ya S. M. Otieno inatufundisha nini?

S. M. Otieno, wakili mashuhuri wa Nairobi, alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, Mgikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa marehemu, Umira Kager wa Wajaluo, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari kwa miezi mitano. Oruka alikuwa miongoni mwa walioitwa kutoa ushahidi kuhusu mila za Wajaluo. Mei 15, 1987 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ukoo, na wiki iliyofuata akazikwa Nyalgunga.

Wahafidhina wanagawanyika hapa, na ni sawa wagawanyike. Ukoo ni kikundi kidogo cha aina ile ile inayotetewa katika swali la 4. Ndoa nayo vilevile. Mume na mke waliooana 1963, wa makabila mawili, wakalea watoto Nairobi, walikuwa wameanza jambo ambalo wazee wa Siaya hawakuwahi kulitolea uamuzi. Naona mahakama ilikosea kuichukulia mila kama orodha iliyofungwa. Baraza la wazee halisi lingewaita pande zote mbili, lingekaa siku kadhaa, na huenda lingepata njia ambayo amri ya mahakama haiwezi kuipata. Au huenda lisingepata. Angalau mjane angesikilizwa kama mtu wa nyumbani badala ya mdai mahakamani.

11. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Mji mchanga hivi una jadi gani?

Unayo, na nyingi yake ilizaliwa papa hapa. Pumwani, mtaa uliopangwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika miaka ya 1920, ulikuwa na Waislamu wa makabila mbalimbali waliozikana na kuozana kwa desturi walizokubaliana wenyewe. Wanubi wa Kibra walikuwepo kabla ya sehemu kubwa ya mji kujengwa. Harambee, chama cha akina mama, kamati ya matanga, kumwita jirani "Mama Njeri" au "Baba Otis" kwa jina la mtoto wake: hizi ni mila, na kijana wa Umoja asiyejua lugha ya babu yake anazijua kuliko profesa.

12. Kuna chama cha siasa Kenya kinachofuata falsafa hii?

Hakuna. Vyama vyetu vikuu hupangwa kwa miungano na viongozi. Waraka wa serikali wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliosimamiwa na Tom Mboya, ulidai kusimama juu ya jadi ya kusaidiana, kisha ukakabidhi kazi kwa wapangaji wa uchumi walioketi ofisini Nairobi.

## Pale panapouma

13. Ukeketaji ni mila. Mhafidhina anautetea?

Hapana. Ukeketaji unaumiza wasichana, unaua, na sheria ya 2011 inauharamisha. Burke mwenyewe alitumia miaka mingi kumshtaki Warren Hastings, gavana wa Uingereza huko India, na alikataa katakata utetezi kwamba huko Asia dhuluma ni desturi. Kesi ilianza 1788, Hastings akaachiliwa 1795, lakini hoja imebaki: desturi haimkingi mdhalimu.

Falsafa hii ina msaada mahali pengine, katika namna ya kukomesha. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke la Wameru, likiwa na mkono wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana walijibu kwa kujikeketa wenyewe, waliitwa Ngaitana. Marufuku ilikuwa imegusa kisu bila kugusa kilichokizunguka: mafunzo, rika, heshima ya kuwa mtu mzima. Miaka 40 baadaye, 1996, familia za Tharaka zilianza Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno. Msichana anakaa ndani, anafundishwa, anatoka, watu wanasherehekea, bila kisu. Sheria ni lazima iwepo, kwa sababu msichana wa leo hawezi kusubiri mjadala wa vizazi. Ila sheria peke yake ilishajaribiwa.

14. Na haki za wanawake kwa ujumla?

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatosha kuonyesha hila inayotumika. Wabunge wanaume waliondoa kifungu kilichotaka mke wa kwanza ajulishwe kabla ya mume kuoa mwingine, wakasema ni mila, na wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi. Waulize wazee wenyewe kama mke mkubwa hakuwa na kauli nyumbani, kisha rudi kwenye yale maswali mawili ya swali la 8. Katiba nayo iko wazi: ibara ya 2(4) inabatilisha mila inayopingana nayo, na ya 44(3) inakataza kumlazimisha mtu kufuata desturi.

15. Katiba ya 2010 ni mpya. Mhafidhina aitetee?

Wengi waliopiga kura ya La mwaka ule walijiona ndio wahafidhina, na makanisa mengi yalikuwa upande huo. Theluthi mbili ya wapiga kura wakasema Ndiyo. Lakini itazame vizuri. Ibara ya 11 inauita utamaduni msingi wa taifa, ya 159 inaagiza mahakama zikuze njia za jadi za kutatua migogoro, na ya 170 inaendeleza mahakama za Kadhi zilizokuwepo Pwani kabla ya Kenya. Ni hati mpya iliyobeba vitu vya kale.

Ndiyo maana kesi ya BBI, mpango wa rais wa kuirekebisha Katiba, ilikuwa tamu kwa watu wa fikra hizi. Mahakama Kuu na ya Rufani mwaka 2021 zilisema kuna muundo wa msingi wa Katiba usioweza kuguswa kwa njia za kawaida za marekebisho. Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ilikataa fundisho hilo, ila ikauzuia mpango wenyewe kwa kuwa rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia njia iliyowekewa wananchi. Mhafidhina anaweza kusikitikia sehemu ya kwanza na kushangilia ya pili.

16. Chama chetu cha kuchangiana pesa kimehamia M-Pesa na WhatsApp. Tumeacha mila?

Inategemea kilichohama. Zamani mweka hazina alihesabu noti mezani wote wakiona, aliyechelewa alitozwa faini, chai ikanywewa, na mwenye shida alionekana usoni kabla hajasema. Simu imeondoa hatari ya kubeba pesa usiku, na hilo ni jema. Lakini mchango ukifika wakati hakuna aliyekutana, kilichobaki ni akaunti ya pamoja. Vipo vyama vilivyolitatua hivi: pesa zitumwe kwa simu, kikao kibaki palepale, na faini ya kukosa kikao iwe kubwa kuliko ya kuchelewesha mchango.